Barua kwa mwanangu: anzia Angers, umalizie Orléans

Mwanangu,

Marahaba. Ramani uliyonitumia nimeipitia yote. Umepanga kutoka hapo Orléans unapokaa na kufuata mto Loire hadi Angers, kwa hoja kwamba mto unateremkia huko. Igeuze. Baiskeli ipande treni hadi Angers, wewe urudi nayo Orléans kwa pedali.

Kati ya miji hiyo miwili mto haushuki hata mita 100, na njia inapita kilomita 250. Mteremko wa hivyo miguu haiujui. Upepo inaujua. Bonde lile liko wazi upande wa Atlantiki, na siku nyingi za mwaka upepo hutoka magharibi au kusini-magharibi. Ukiuelekea huku mikoba imekaa ubavuni, mwendo wa kilomita 18 kwa saa unashuka hadi 13, na jioni unafika hoi pale ambapo mwenzako aliyetoka upande wa pili amefika akipiga mluzi. Waendesha mashua wa zamani wa Loire waliishi kwa hesabu hiyo hiyo. Mashua zao zilikuwa bapa chini kwa sababu ya mafungu ya mchanga. Kutoka Nantes walitweka tanga wakapanda hadi Orléans kwa upepo wa magharibi, na kurudi waliachia mkondo uwashushe. Chumvi, divai na sukari vilipita hapo, na Orléans ilikuwa mji mkubwa wa kusafisha sukari. Hiyo ilikuwa sukari ya watumwa. Nantes ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya Ufaransa ya biashara ya watu, na biashara hiyo hiyo ya Wafaransa ilifika hadi kwetu: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Uyakumbuke hayo utakapokuwa unasifia majumba. Reli ilipofika Orléans mwaka 1843 na Tours mwaka 1846, kazi ya mashua ikaanza kufa.

Upepo una siku zake. Pakiwa na ukavu mrefu, hasa mwanzo wa kiangazi, huweza kugeuka ukatoka mashariki kwa siku kadhaa. Tazama utabiri siku tatu kabla ya kuondoka. Ukiona mashariki wiki nzima, fuata mpango wako wa awali na mimi nisamehewe.

Treni za TER, yaani za mkoa, zinazofuata mto hupokea baiskeli nzima bila kuifungua. Nafasi ni chache, na miezi ya joto kuna treni zinazotaka ushike nafasi mapema, kwa hiyo tazama treni yako yenyewe, usiulize ya jana. TGV, zile za mwendo kasi, ni habari nyingine: si zote zinazopokea baiskeli isiyofunguliwa. Ondoa mikoba kabla treni haijasimama. Kwenye mabehewa mengi baiskeli hutundikwa kwa gurudumu la mbele, na yenye mizigo hutaiinua.

Nenda Juni au Septemba. Juni jua linachelewa kutua hadi karibu saa 4 usiku, na hilo peke yake linaondoa nusu ya wasiwasi. Agosti kuna joto kali, vyumba vimejaa, na maduka mengi madogo wenyewe wako likizo.

Sasa baiskeli. Hiyo uliyo nayo, wanayoiita VTC, ya lami na ya vumbi pia, inatosha, ila badilisha matairi. Njia ya Loire ni lami kwa sehemu, barabara ndogo za vijiji kwa sehemu, na kilichobaki ni mchanga na kokoto zilizoshindiliwa. Tairi jembamba la milimita 28 linazama humo na kuyumba. Weka 700 kwa 38 au 40, lenye tabaka la kuzuia miiba. Kwa uzito wako na mizigo, jaza upepo wa bar 4 nyuma na bar 3.5 mbele, na upime kila baada ya siku mbili, maana kidole gumba hakijui tofauti ya bar 3 na 4. Gia ya chini kabisa iwe meno 32 au pungufu mbele na 34 nyuma. Kando ya mto hutaihitaji, lakini ukipanda Fontevraud au mji wa kale wa Blois utaniombea dua.

Urefu wa kiti: kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiti kikiwa chini sana, magoti yanauma kwa mbele siku ya pili. Mikono ikifa ganzi, mara nyingi usukani uko chini mno au pua ya kiti imeelekea chini na uzito wako wote unaangukia viganja. Kaptula ya baiskeli huvaliwa bila chupi ndani, na inafuliwa kila jioni. Ngozi iliyochubuka siku ya pili haiponi ukiwa bado unaikalia.

Mizigo isizidi kilo 12. Ipime kwenye mizani, kwa sababu macho hudanganya na kila mtu hudhani amebeba kidogo. Vizito viwekwe chini kabisa ndani ya mkoba, karibu na ekseli, na mikoba isogezwe nyuma hadi kisigino chako kisiiguse unapopiga pedali. Kisha ziangalie bolti za keria. Zile ndogo za milimita 5 zinalegea kwa mtikisiko wa kokoto, na ikidondoka moja, keria inaegemea gurudumu na kuvunja spoku. Kila asubuhi zikaze kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, na ubebe bolti mbili za akiba na vibanio vya plastiki. Spoku zikivunjika huvunjika nyuma, upande wa cheni, kwani huko ndiko zimekazwa zaidi na ndiko uzito uliko. Ikikatika moja, izungushie kwenye ya jirani, fungua breki kama rimu inagusa, na utafika mji unaofuata polepole.

Vya kubeba kwa matengenezo: tyubu mbili, viraka na solusheni, vijiti vitatu vya kubandulia tairi, pampu, alenki za 4, 5 na 6, bisibisi ndogo, kifaa cha kukatia cheni na kiungo kimoja cha kuungia, mafuta ya cheni kichupa kidogo, kitambaa. Pampu yako ishike vali nyembamba ya Presta, maana hizo ndizo nyingi huko. Ijaribu nyumbani.

Pancha itakupata, kwa hiyo nakuandikia yote. Peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, toa mikoba, toa gurudumu. Mwaga upepo wote. Sasa, kabla ya kugusa vijiti, zungusha vidole gumba tairi zima ukilisukuma katikati ya rimu, pande zote mbili. Katikati ya rimu kuna mfereji, na mzunguko wake ni mfupi kuliko ukingo. Tairi likizama humo linalegea. Wanaovunja vijiti ndio wanaoruka hatua hii. Bandua kuanzia upande ulio mbali na vali, chomoa tyubu, ijaze upepo kidogo na uisogeze karibu na mdomo usikie panapopuliza.

Tundu lina maneno yake. Likiwa moja upande wa nje, ni mwiba au kigae: bado kimo ndani ya tairi, kitafute kwa kitambaa kabla ya vidole. Yakiwa mawili yaliyokaa sambamba, upepo ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa kati ya rimu na mzizi au ukingo wa barabara. Likiwa upande wa ndani, utepe wa rimu umehama na kichwa cha spoku kimechoma. Ikichanika penye vali, ulipiga pampu ukiiyumbisha. Ukiziba bila kujua sababu, utaziba tena baada ya kilomita 5.

Njiani weka tyubu mpya, kiraka ni kazi ya jioni. Kwaruza kwa msasa, paka solusheni nyembamba eneo pana kuliko kiraka, kisha subiri dakika 5 hadi ikauke na isinate kwenye kidole. Viraka vingi hubanduka kwa sababu vimebandikwa juu ya gundi mbichi. Kulirudisha tairi, anza upande wa pili na umalizie penye vali: pale vali ilipo tairi haliwezi kuzama kwenye mfereji, hivyo ukimalizia kwingine unajinyima ule ulegevu. Mwisho sukuma vali ndani kidogo ili tyubu isibanwe chini ya ukingo, kisha ndipo ujaze.

Njia yenyewe. Ukitoka Angers, simu inaweza kukuingiza D952, barabara iliyo juu ya tuta la mto ukingo wa kaskazini. Ni nzuri kwa macho na mbaya kwa baiskeli: magari yanakwenda kasi na pembeni hakuna nafasi. Fuata vibao vyeupe vya maandishi ya kijani vyenye alama ya Loire à Vélo au namba 6 iliyozungukwa na nyota, ambayo ni ya njia ya EuroVelo 6 iendayo hadi Bahari Nyeusi. Vibao vikipotea njia panda, rudi hadi kibao cha mwisho ulichokiona badala ya kubahatisha. Ukiona neno Déviation, yaani njia ya kuzungukia, litii hata kama njia mbele inaonekana kavu.

Angers hadi Saumur ni kilomita 50 na kitu. Simama Cunault, kijiji kidogo chenye kanisa kubwa la karne ya 11 hadi 13. Ndani yake vichwa vya nguzo vilivyochongwa vinazidi 200, kwa hiyo beba darubini ndogo kama mnayo. Kuanzia hapo utaona majengo yote yamebadilika kuwa meupe. Ni jiwe la tuffeau, laini kiasi kwamba linakatwa kwa msumeno, na limechimbwa kwenye majabali yaleyale yaliyo kando yako. Shimo lililobaki halikuachwa bure: likawa nyumba, pishi la divai, shamba la uyoga. Mapaa ni ya mawe meusi ya vigae kutoka Trélazé, pale karibu na Angers. Baada ya Saumur, kwenye kijiji cha Souzay-Champigny, njia inapita ndani ya jabali kabisa, kwenye kichochoro cha chini ya ardhi. Vua miwani ya jua na uwashe taa kabla ya kuingia, na ushuke uisukume baiskeli. Watu wa miguu wanapita humo pia. Paguse ukutani. Utabaki na unga mweupe kidoleni, na alama za sululu za wachimbaji bado zinaonekana.

Montsoreau, pinda kusini kilomita 4 au 5 za kupanda hadi Fontevraud. Usiiruke abasia yake, nyumba ya kale ya watawa. Ilianzishwa mwaka 1101, na wamelala humo Henry II wa Uingereza, mkewe Eleanor wa Aquitaine na mwana wao Richard, yule wa Moyo wa Simba. Sanamu ya Eleanor juu ya kaburi lake imeshika kitabu kilichofunguliwa. Napoleon aliamuru mahali hapo pawe jela mwaka 1804, na jela ilibaki hadi 1963. Kurudi mtoni ni mteremko: jaribu breki zako juu, siyo katikati.

Kutoka hapo hadi Tours gawanya siku mbili, ukilala Chinon au karibu na Azay-le-Rideau. Chinon ndiko Jeanne d'Arc, yule msichana wa vitani, alikokutana na mfalme Charles VII mwaka 1429, miezi michache kabla ya kufungua mzingiro wa huo mji wako. Kasri la Villandry ni la bustani; ukiwa umechoka, lipia bustani peke yake uache nyumba. Tours usikae sana, ingia tu mtaa wa kale, ule na ulale.

Tours hadi Amboise ni nusu siku. Leonardo da Vinci alifia hapo, nyumba ya Clos Lucé, tarehe 2 Mei 1519, na kaburi lake linaonyeshwa ndani ya kanisa dogo la kasri. Chenonceau iko kilomita 15 hivi kusini, kuvuka msitu wenye kilima. Iache mikoba ulikolala, nenda asubuhi mapema na urudi. Kasri hilo limejengwa juu ya mto Cher kama daraja: Diane de Poitiers, kipenzi wa mfalme Henri II, alijenga daraja, na malkia Catherine de' Medici akaweka ukumbi juu yake. Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi huo ulikuwa hospitali. Vya Pili, Cher ulikuwa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo lisilokaliwa.

Blois pana mlima mfupi na mawe ya barabarani. Sukuma bila aibu. Kasri la Chambord liko kilomita chini ya 20 kutoka hapo, ndani ya uzio wa ukuta wa kilomita 32. Ujenzi ulianza mwaka 1519. Ngazi zake za katikati ni mbili zilizosokotana, anayepanda moja na anayeshuka nyingine wanaonana kwa madirisha bila kukutana. Wengi wanaona akili ya Leonardo humo, ingawa hakuna hati inayothibitisha. Mfalme François I aliyelijenga alitawala miaka 32 na humo alilala wiki chache tu. Msitu wake una nguruwe mwitu, kulungu, na kupe. Jioni kagua nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta kupe, mtoe kwa ile kulabu ndogo yenye pengo inayouzwa duka la dawa, bila mafuta wala moto, na uandike tarehe. Duara jekundu likitokea siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Kuhusu kula, tatizo la huko ni saa. Duka la kijiji hufungwa kati ya saa 6 na nusu na saa 9 alasiri, Jumapili mchana karibu kila kitu, na Jumatatu waoka mikate wengi wamepumzika. Mgahawa unapika mchana saa 6 hadi 8. Ukifika saa 8 na nusu utauziwa kahawa. Nunua mkate asubuhi kabla ya kupanda baiskeli, na ukiingia popote tanguliza Bonjour, maana swali lisilo na salamu hujibiwa nusu. Jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure de Touraine ina bua lililopita katikati. Lichomoe kwanza, halafu kata. Rillettes za Tours ni nyama ya nguruwe, uzijue kwa jina. Maji: karibu kila kijiji kina makaburi na makaburi yana bomba. Soma kibao. Kikisema non potable, osha mikono tu. Kwenye joto kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na kula kidogo kabla njaa haijaanza.

Mtoni usiogelee. Loire inaonekana ya kina cha goti, lakini mafungu ya mchanga yanahama na kando yake pana shimo na mkondo. Tazama kuta za nyumba zilizo ukingoni, utakuta mistari imechongwa na miaka 1846, 1856, 1866. Hapo ndipo maji yalipofika.

Sheria zao wanazisimamia. Taa mbele na nyuma, kengele, viakisi. Nje ya mji usiku au penye ukungu lazima fulana ya kuakisi. Simu mkononi au spika za masikioni, hata moja, ni faini ya euro 135. Kiwango cha pombe kinakuhusu na wewe kama dereva. Njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye wa kwanza. Ajali ni 112.

Kulala, tafuta kibao cha Accueil Vélo: nyumba zenye alama hiyo ziko ndani ya kilomita 5 kutoka njiani na zina mahali pa kufungia baiskeli. Kambi za manispaa ni nafuu kuliko zote. Kufuli liwe la umbo la U, lipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja na kitu kisichong'oka.

Siku ya mwisho, Chambord hadi Orléans kupitia Beaugency, ni kilomita 60 hivi, na utapita karibu na mitambo ya nyuklia ya Saint-Laurent. Mvua ikiwa imenyesha, mchanga wa njia hiyo unaganda kwenye cheni. Uifute jioni hiyo hiyo, tone moja la mafuta kila kiungo, kisha futa yaliyobaki nje. Halafu ipime. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 iwe milimita 305. Ikifika 307, badilisha kabla haijala meno ya gia, na bei ya cheni ni ndogo sana kuliko ya hayo meno. Risiti nitumie, hiyo nitalipa mimi.

Baba yako